Mwimbaji Aliyejikodishia Ukumbi

Fanny Hayes hakutaka mwanawe awe mwimbaji. Alizaliwa mtumwa katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, akapata uhuru wake vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, na yote aliyoyaona tangu hapo yalimfunza kwamba Mweusi akipanda jukwaani mbele ya Wazungu, hupandishwa ili achekwe. Michezo iliyopendwa zama hizo ilikuwa ya Wazungu waliojipaka masizi usoni na kuwaigiza Weusi kama wapumbavu. Weusi wachache waliopata riziki jukwaani nao mara nyingi walilazimika kuigiza ujinga uleule. Sasa huyu mtoto anasema anataka kuimba Mozart na Schubert, kwa Kiitaliano na Kijerumani, amevaa suti nyeusi ya jioni, na watu walipe kumsikiliza. Mama alimwambia wazi kwamba watu wa namna hiyo hawapo, na kama wapo, hawatakuja kumsikiliza yeye.

Mama huyo hakuwa mtu wa kukata tamaa ovyo. Alijua nchi aliyokuwa akiishi, na habari ya Roland Hayes haieleweki bila kuanza na mashaka yake, kwa sababu kwa miaka mingi Marekani yote ilikuwa na mawazo hayohayo, bila upendo wa mama ndani yake.

Roland alizaliwa tarehe 3 Juni 1887 katika kijiji cha Curryville, kaskazini mwa Georgia, kwenye ardhi ambayo wazazi wake waliilima kwa kugawana mavuno na mwenye shamba. Baba yake, William, alikuwa mwindaji, hodari wa kuiga milio ya ndege na wanyama hadi wakamjibu porini. Hayes alipokuwa mtu mzima alisema kwamba baba huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa kwanza wa sauti. Ukoo ulikuwa na kumbukumbu ya mbali zaidi pia, ya mmoja wa mababu zake aliyeletwa kwa meli kutoka pwani ya Afrika Magharibi, ambaye kwao alikuwa mtu wa cheo, na ambaye kwa simulizi za nyumbani aliuawa kwa kuendesha ibada za siri za watumwa. Zipo nyimbo ambazo familia ilizihesabu kuwa zimetoka kwake. Mtoto alizikuta zikiimbwa nyumbani na kanisani, akazishika kabla hajajua kwamba duniani kuna kitu kiitwacho muziki wa kuandikwa.

Baba alifariki Roland akiwa bado mtoto. Yapata mwaka 1900 Fanny alifunga mizigo akawahamishia wanawe Chattanooga, jimbo la Tennessee, mji wenye viwanda na shule. Alikuwa na mpango: vijana wapokezane, huyu afanye kazi wakati yule anasoma, kisha wabadilishane. Roland akaenda kiwandani kwenye tanuri za chuma, mahali palipotengenezwa vyuma vya uzito vya kuwekea madirisha ya kupandisha na kushusha. Alikuwa na umri ambao watoto wengine wako darasani. Siku moja mkanda wa mashine ulimkamata ukamvuta ndani, ukamzungusha zaidi ya mara moja kabla mashine haijazimwa. Waliomtoa hawakudhani ataishi. Aliishi, akarudi kazini, na baadaye akapewa hata usimamizi wa wafanyakazi wenzake.

Jumapili aliimba katika kwaya ya kanisa lao la Kibaptisti, na huko alisikiwa na Arthur Calhoun, kijana Mweusi mpiga piano aliyekuwa amesomea muziki chuoni Oberlin, Ohio. Calhoun alimwambia kwamba sauti ile haifai kuachwa hivihivi. Alianza kumfundisha, na jioni moja akampeleka kwenye nyumba ya Mzungu mmoja mpenda muziki aliyekuwa na gramafoni. Santuri iliwekwa, na kutoka kwenye pembe ya gramafoni ikatoka sauti ya Enrico Caruso, tenori wa Italia aliyekuwa akitikisa dunia miaka ile. Hayes alisimulia tukio hilo maisha yake yote. Alisema ni kama alizaliwa upya usiku ule. Kijana wa kiwandani, ambaye hakuwa amevuka darasa la tano au la sita, aliondoka kwenye nyumba ile akiwa ameshaamua.

Mwaka 1905 aliondoka Chattanooga kwenda Oberlin akiwa na dola 50 hivi, akiimba makanisani njiani ili apate nauli ya kuendelea. Fedha zilimwishia Nashville. Hapo palikuwa na Fisk, chuo kilichoanzishwa baada ya vita kwa ajili ya watu waliotoka utumwani. Wakampokea katika madarasa ya chini, mtu mzima kati ya watoto, akalipia masomo yake kwa kazi za ndani katika nyumba ya watu.

Fisk haikuwa chuo cha kawaida kwa mtu mwenye sauti. Mwaka 1871, kilipokuwa karibu kufungwa kwa ukata, wanafunzi wachache walitoka kwenda kuimba mjini hadi mjini kutafuta fedha. Walianza na nyimbo za kizungu walizofundishwa, lakini kilichowagusa wasikilizaji ni nyimbo za kiroho walizorithi kwa wazazi wao watumwa. Walifika hadi Uingereza, wakaimba mbele ya Malkia Victoria, na fedha walizorudi nazo zikajenga jengo kubwa la chuo ambalo bado limesimama. Kwa hiyo Hayes alifika mahali ambapo wimbo wa mtumwa ulikwisha jenga nyumba ya matofali. Hata hivyo darasani aliyetukuzwa ni Bach na Handel, na nyimbo za wazee zilibaki za kwaya, za kuchangisha fedha. Hakuna aliyefikiri kwamba mtu mmoja anaweza kusimama kando ya piano akaziimba kama Mjerumani anavyomwimba Schubert.

Baada ya miaka minne Fisk walimfukuza ghafla. Lilikuwa pigo kubwa, maana hakuwa na cheti wala kazi. Alikwenda Louisville, Kentucky, akawa mhudumu wa mezani katika klabu ya matajiri, na jioni akaimba katika jumba la sinema. Sinema za siku hizo zilikuwa bubu, kwa hiyo wenye jumba walimweka nyuma ya pazia aimbe huku picha zikipita. Mpangilio huo uliwafaa: watazamaji wapate sauti, wasimwone mwenye sauti.

Mwaka 1911 waimbaji wa Fisk walimwita wakaimbe naye Boston, na wenzake waliporudi yeye akabaki. Akaajiriwa tarishi katika kampuni ya bima ya John Hancock, kwa dola 7 kwa wiki. Akamwita mama. Wakapanga chumba, wakatumia masanduku ya mizigo badala ya meza na viti. Mwalimu aliyempata, Arthur Hubbard, alikuwa miongoni mwa walimu wa sauti walioheshimika mjini, na alimkubali kwa sharti kwamba masomo yafanyike nyumbani kwa Hubbard, si kwenye chumba chake cha kufundishia, wanafunzi Wazungu wasije wakamwona wakakasirika. Hayes alikubali. Kila nikilifikiria sharti lile naona uchungu wake, lakini naona pia hesabu aliyoipiga. Alichokitaka kilikuwa kichwani mwa Hubbard, na mlango wa kukifikia ulikuwa huo mmoja.

Alisoma hivyo kwa miaka kadhaa, asubuhi akibeba barua za ofisi, jioni akijifunza Kiitaliano, Kijerumani na Kifaransa, na mwisho wa wiki akiimba kwenye makanisa na shule za Weusi kokote alikoitwa. Aliwaendea mawakala wa muziki. Wakamjibu yale aliyoyasema mama: hakuna Mzungu atakayenunua tiketi kumsikiliza Mweusi akiimba muziki wa kizungu.

Basi akaacha kuomba. Akapanga kuukodi yeye mwenyewe ukumbi wa Symphony Hall, makao ya okestra kuu ya Boston, wenye viti zaidi ya 2,600. Hatua hii naipa uzito kuliko nyingine zote maishani mwake, kuliko hata yale ya ikulu yatakayofuata. Ukumbi ule haukuwa na kanuni ya kumzuia Mweusi. Ulikuwa na bei tu, na mawakala ndio waliosimama kati yake na bei hiyo. Tarishi akatafuta fedha, akaandika barua kwa mkono wake kwa watu wengi aliodhani wangeweza kuja, Weusi kwa Weupe, akauza tiketi. Tarehe 15 Novemba 1917 ukumbi ulijaa mpaka mamia wakarudishwa mlangoni. Mwaka uliofuata akafanya vilevile kwa santuri: akailipa kampuni ya Columbia imrekodi, akaziuza mwenyewe kwa njia ya posta.

Ni sauti gani iliyowaleta watu? Mara nyingi tukisema tenori tunamfikiria mtu wa kifua kipana anayepasua paa kwa noti ya juu. Hayes hakuwa hivyo. Alikuwa mtu mwembamba, si mrefu, na sauti yake ilikuwa nyepesi na ya wastani kwa ukubwa. Nguvu yake ilikuwa katika kuimba polepole na kwa sauti ya chini bila sauti hiyo kukatika wala kupoteza rangi, kiasi kwamba mtu wa kiti cha mwisho aliyapata maneno yote. Wanaofundisha kwaya wanajua ugumu wa jambo hili. Sauti ya tatu, yaani tenori, ikipanda juu hutaka kupiga kelele. Kuipandisha huko huku ukiipunguza kunadai pumzi iliyoshikwa barabara kutoka tumboni na koo lililolegea kabisa. Alisimama wima kando ya piano, mikono ameikutanisha mbele, macho ameyafumba, akisubiri mpaka ukumbi utulie. Ndipo humpa ishara mpiga piano.

Programu yake nayo ilikuwa na mpango wake. Alianza na watunzi wa kale, akaja kwa Wajerumani na Wafaransa, na mwisho akaimba nyimbo za kiroho za watumwa zilizopangwa kwa sauti moja na piano. Harry Burleigh, mwanamuziki Mweusi wa New York, alikuwa ameanza kuzichapisha kwa namna hiyo miaka ileile, na Hayes akaendelea kuzitengeneza za kwake. Hakuzishusha ziwe burudani ya kufungia shughuli. Alizipa pumzi ileile, matamshi yaleyale na ukimya uleule aliompa Schubert. Msikilizaji aliyetokwa na machozi kwa wimbo wa Kijerumani alikuta nusu saa baadaye machozi yanamtoka kwa wimbo wa mtu aliyekuwa akiuzwa mnadani Georgia.

Hata hivyo, baada ya Symphony Hall mawakala walibaki walivyokuwa. Aprili 1920 akapanda meli kwenda Uingereza pamoja na mpiga piano wake, Lawrence Brown. Mwaka wa kwanza London ulikuwa wa njaa. Alisoma kwa Sir George Henschel, na pia kwa Amanda Aldridge, binti wa Ira Aldridge, yule mwigizaji Mweusi aliyevuma Ulaya karne ya 19 kwa michezo ya Shakespeare. Fedha zilikuwa zimekaribia kwisha alipopata nafasi ya kuimba Wigmore Hall mwezi Aprili 1921, na siku ilipofika alikuwa mgonjwa wa nimonia. Akaimba hivyohivyo. Siku chache baadaye ikaja taarifa kwamba anatakiwa ikulu ya Buckingham kuimba mbele ya Mfalme George wa Tano na Malkia Mary.

Mambo yakabadilika upesi. Magazeti ya Marekani, ambayo yalikuwa hayamwoni akiwa Boston, yalimwona akiwa Buckingham. Alikwenda Paris, alikwenda Vienna, na katika kila mji wakosoaji walianza kwa kushangaa rangi yake na kumaliza kwa kuzungumzia Kijerumani chake. Novemba 1923 alirudi Boston na kuimba na Boston Symphony Orchestra chini ya Pierre Monteux, kwenye jukwaa lilelile alilolikodi miaka sita kabla. Safari hii aliimba kwa kualikwa. Aliimba Berlioz, Mozart na nyimbo za kiroho. Fanny hakuliona jukwaa hilo; alikuwa amefariki mwaka huohuo, mwanawe akiwa Ulaya. Hayes alimwita Angel Mo', mama malaika, na aliyaweka maisha yake yaliyobaki chini ya jina hilo.

Mwaka 1924 alikwenda Berlin. Ili kuielewa jioni ile ni lazima kukumbuka kilichokuwa kikiendelea mtoni Rhine. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Ufaransa iliikalia sehemu ya magharibi ya Ujerumani, na miongoni mwa askari wake walikuwamo vijana wa Kiafrika kutoka makoloni yake. Magazeti ya Kijerumani yaliendesha kampeni chafu juu ya askari hao, yakiwachora kama wanyama. Katika hali hiyo likatangazwa tamasha la Mweusi atakayeimba nyimbo za Kijerumani, ambazo Wajerumani walizihesabu kuwa moyo wa taifa lao. Maofisa wa kibalozi wa Marekani walimshauri asiende. Magazetini zilitoka barua za kumpinga.

Alipotokea jukwaani ukumbini Beethoven-Saal, watu walianza kumzomea. Kelele hazikupungua kwa dakika kadhaa. Hayes hakuondoka wala hakuanza kuimba. Alisimama mahali pake kwenye mkunjo wa piano, ameinamisha kichwa, amefumba macho, akasubiri. Kelele haiwezi kuendelea bila kikomo mbele ya mtu asiyeijibu, na hatimaye ilikufa. Hapo akamnong'oneza mpiga piano wabadilishe wimbo wa kwanza, waanze na Du bist die Ruh wa Schubert. Ni wimbo unaoanza kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayesali, na unadai katika sehemu yake ya mwisho noti ya juu ambayo waimbaji wengi huiogopa. Mtu mwingine angeanza na wimbo wa kishindo ili awashinde kwa nguvu. Yeye alichagua ule ambao usipotulia huusikii. Alipomaliza, ukumbi ulilipuka kwa makofi, na Berlin wakamwalika tena.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya mavuno. Inasemekana alifikia kulipwa dola 100,000 kwa mwaka, miongoni mwa tenori waliolipwa vizuri kuliko wote. Mwaka 1924 alitunukiwa medali ya Spingarn, tuzo kubwa ya chama cha kutetea haki za Weusi, NAACP, na mwaka 1928 akaimba Urusi ya Kisovieti. Maisha yake ya moyoni hayakuwa mepesi kama ratiba yake: Ulaya alipendana na mwanamke wa ukoo wa makabaila wa Bohemia, mke wa mtu, wakapata binti mwaka 1926 ambaye Hayes hakuweza kumlea. Mwaka 1932 alimwoa binamu yake Helen Mann, na mwaka uliofuata wakapata mtoto wa kike. Wakamwita Afrika.

Kabla ya hapo alikuwa amefanya jambo lililowashangaza rafiki zake wa Boston. Mwaka 1926 alinunua shamba la ekari 600 Curryville, ardhi ambayo mama yake aliitumikia akiwa mtumwa, akaliita Angelmo. Mzee aliyekuwa bwana wa mama yake alikuwa bado hai, amefilisika. Hayes alimtafuta, akamsaidia, akazungumza naye sana, kwa sababu mzee yule alikuwa na kitu ambacho hakuna hati inayokihifadhi: kumbukumbu za wazee wa Hayes. Sijui ni watu wangapi wangekaa kitako na mtu wa namna hiyo na kumsikiliza. Hayes alihitaji majina ya watu wake, na aliyafuata yalikokuwa.

Juu ya suala la viti alilaumiwa. Kusini mwa Marekani, na hata miji ya kaskazini zaidi, wenye kumbi waliwaweka Weusi kwenye roshani za juu. Wapo waliosema Hayes alipaswa kukataa kabisa kuimba mahali popote pa namna hiyo. Mara nyingi alibishana na wenye kumbi, mara nyingine alikubali nusu ya alichotaka. Aliamini kwamba kuimba kwenyewe kunavunja ukuta. Nadhani alilitegemea jambo hilo kupita kiasi, na Georgia ilikuja kumwonyesha.

Ilikuwa Julai 1942. Helen na Afrika, mtoto wa miaka tisa, waliingia duka la viatu katika mji wa Rome, jirani na shamba lao. Joto lilikuwa kali, wakakaa kwenye viti vilivyokuwa karibu na feni. Mwuzaji akawaambia viti hivyo ni vya Wazungu, wahamie nyuma. Helen alijibizana naye, kisha wakatoka. Hayes aliposikia, alikwenda dukani kuzungumza. Alikuwa mteja wao, akadhani ni suala la kuelewana. Alipotoka, polisi walimkamata yeye na mkewe, wakampiga, wakawafungia jela wote wawili. Alikuwa na miaka 55. Gavana wa Georgia, Eugene Talmadge, alipoulizwa alisema kwa maana hii: Mweusi asiyependa utaratibu wa ubaguzi wa Georgia asije Georgia. Mshairi Langston Hughes aliandika shairi juu ya kipigo kile, na habari ilienea nchi nzima.

Mwanamume aliyeunyamazisha ukumbi wa Berlin hakuweza kuwanyamazisha polisi wa mji mdogo wa nyumbani kwake. Hakukuwa na piano wala Schubert pale barabarani, na polisi hawakujali kama walikuwa wakimpiga mwimbaji wa wafalme au mkulima wa pamba. Familia ikaondoka. Walihamia moja kwa moja Brookline, kando ya Boston, na baadaye shamba la Angelmo likauzwa. Hadharani Hayes alizungumza bila matusi, akasema anaona aibu kwa ajili ya nchi yake. Septemba 1943 aliitwa London kuimba katika Royal Albert Hall pamoja na kwaya ya askari Weusi wa jeshi la Marekani, watu wapatao 200 wa kikosi cha uhandisi. Walikuwa Ulaya kupigana na ubaguzi wa Hitler, ndani ya jeshi ambalo lenyewe liliwatenga Weusi na Weupe.

Opera hakuimba kamwe kwenye jukwaa kubwa la nchi yake. Metropolitan Opera ya New York haikumruhusu mwimbaji Mweusi kuchukua nafasi hadi Januari 1955, ilipomfungulia mlango Marian Anderson. Anderson mwenyewe alikuwa amemsikia Hayes kanisani kwao Philadelphia akiwa msichana, na Hayes ndiye aliyependekeza apelekwe Boston kusoma kwa Hubbard, jambo ambalo nyumbani kwao halikukubaliwa. Tenori wa kwanza Mweusi kupewa nafasi za mbele Metropolitan alikuwa George Shirley, mwaka 1961. Lawrence Brown, yule mpiga piano wa safari ya London, tangu mwaka 1925 alifuatana na mwimbaji Paul Robeson kwa karibu miaka arobaini. Ukiifuata njia ya yeyote kati ya hao kurudi nyuma, unafika kwa tarishi wa Boston na barua zake za kuuza tiketi.

Hayes alifundisha katika Chuo Kikuu cha Boston, akachapisha mwaka 1948 kitabu cha nyimbo thelathini za kiroho alizozipanga mwenyewe, na akaendelea kuimba kwa muda ambao sauti za watu wengi huwa zimekwisha kauka. Mwaka 1962 alitimiza miaka 75 akiwa jukwaani Carnegie Hall, na mapato akayatoa kwa ajili ya elimu ya vijana Weusi. Aliimba hadharani hata alipovuka miaka 80. Alifariki Boston tarehe 1 Januari 1977, akiwa na umri wa miaka 89.

Santuri zake zimehifadhiwa na zinasikika kwa urahisi siku hizi. Nyingi ni za uzeeni, sauti imepungua upana, lakini pumzi na matamshi vimebaki. Anza na Lit'l Boy, wimbo wa Yesu akiwa mtoto hekaluni. Kama unafundisha kwaya, waite wa sauti ya tatu wakae, zima simu, wausikilize wote kabla hujawafundisha wimbo mpya.